Mwenyekiti wa Kamati ya Kurudishiwa

Kabla ya kufungua kikao, Mwenyekiti alikuwa na kawaida ya kuvua viatu. Alivivua taratibu, akavipanga chini ya meza, akakunja miguu juu ya kiti, halafu akatuangalia mmoja mmoja kama mama anayetafuta nani kalamba sukari. Hapo tukajua kazi imeanza.

"Wajumbe," anasema, "tumekuja kutoa au tumekuja kuonekana?"

Tunaangalia viatu vyake chini ya meza.

"Haya. Waliokuja kuonekana waanze wao kutoa, ili tuwaone vizuri."

Mimi ni fundi wa mafriji. Nyumba yangu na yake hapa Goba zinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na nilikuwa katibu wake kwa miaka mingi bila kuomba. Nilikwenda kwake siku moja kutengeneza friji lililojaa nyama ya harusi ya watu. Nikiwa nimelala chini na bisibisi mdomoni, akaniuliza kama najua kuandika haraka. Nikaitikia kwa kichwa. Nilipotoka mule ndani friji lilikuwa linanguruma vizuri na mimi nilikuwa na cheo.

Jina lake tulilijua, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alimwita Mwenyekiti mbele za watu, na ndani pia alimwita hivyo hivyo, maana nimeshasema ukuta ni mwembamba. Mambo ya alizaliwa wapi na ukoo gani sitayaingilia. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba baba yake alikata mkonge kwenye shamba la wazungu huko kusini mpaka alipokufa, na hilo lilijulikana kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kila alipokasirika.

Harusi za mitaa yetu hazifanyiki bila kamati, na kwa muda mrefu hakuna kamati iliyosimama bila yeye. Wakristo walimfuata, Waislamu walimfuata. Yeye ni Mwislamu anayeswali swala zote, lakini nyimbo za kwaya za kumsindikiza bibi harusi anazijua kuliko wanakwaya, na wakikosea ubeti anawasahihisha kutoka kwenye kiti chake. Ukimuuliza anasema amezisikia mara nyingi kuliko padri.

Ni mbahili. Lazima niseme, maana wanaomsifu siku hizi wanamchora kama malaika. Majani ya chai kwake yalichemshwa mpaka yakakata tamaa. Ukienda kuazima kiberiti anakuhesabia njiti, na jioni anauliza zimebaki ngapi. Lakini mwanamke huyo huyo msiba ukitokea mtaa wa tatu anakuwa ameshafika na mchele kabla wenye msiba hawajamaliza kulia. Nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja, na zipo siku nilimwomba Mungu amhamishie Mbagala.

Alikuwa na swali moja alilolitumia kumaliza kila ubishi: mwenye shughuli ni nani? Nililisikia kwa mara ya kwanza likimvunja mtu kwenye harusi ya binti mmoja wa jirani, yatima wa baba. Mjomba wake, mtu mwenye maduka yake Kinondoni, alifika kwenye kikao na bahasha nene. Alipoikabidhi tu akaanza kubadilisha mambo. Ukumbi haufai, MC hafai, ngoma ya akina mama iondolewe, iwekwe bendi.

"Mwenye shughuli ni nani?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Mama, hapa mie ndo nimetoa nyingi kuliko wote."

"Sijauliza nani katoa nyingi, baba. Nimeuliza mwenye shughuli ni nani."

Mjomba akacheka, akatuangalia tumsaidie. Hakuna aliyemsaidia. Mwenyekiti akaichukua ile bahasha, akamrudishia mkononi mbele yetu sote, akasema kamati inamshukuru na inamkaribisha kula. Siku ya harusi nyama ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na bibi harusi alicheza na mama zake ngoma aliyoitaka mpaka kilemba kikamlegea. Yule mjomba alikuja, na bahasha yake ikaja tena, safari hii bila masharti. Alicheza mpaka koti likalowa.

Sasa nieleze upande wake wa pili, maana bila huo picha haijakamilika. Kwa mtu aliyepigania wengine waamue mambo yao wenyewe, alikuwa dikteta wa kutisha. Rangi ya sare za akina mama aliichagua yeye. Kuna mwaka alichagua kijani kama cha mchicha uliochemka, akina mama wote wakasikitika na wote wakashona. Kura aliziendesha hivi: "Wanaokubali?" na kabla mkono wa kwanza haujafika usawa wa sikio, "Imepita. Katibu, andika." Siku moja nilithubutu kumwambia kwamba sijaona mikono. Akanijibu kwamba yeye aliiona ikija.

Bondeni, chini ya nyumba zetu, kuna uwanja wa wachongaji. Ni watu wa kusini, Wamakonde wengi, wengine Wamwera na Wamakua, wamekaa pale miaka mingi wakichonga mpingo. Asubuhi unaamka kwa sauti ya tezo zao. Kiwanja walikipanga. Mwenye kiwanja alipofariki, watoto wake wakataka kuuza, na huwezi kuwalaumu, kwa sababu siku hizi kila mtu anaitaka Goba. Walikuwa watoto waungwana. Walisema wachongaji wapewe nafasi ya kwanza ya kununua mpaka mvua za masika ziishe, baada ya hapo wanauza kwa yeyote.

Wachongaji walifanya kazi pamoja. Magogo yalinunuliwa pamoja, yakakaushwa pamoja kwenye kivuli kimoja, na wanaojifunza walijifunza kwa kukaa pembeni ya wanaojua. Mkubwa wao tulimwita Fundi Mkuu, mzee mpole, mwenye vidole vinene. Alikuja kwa Mwenyekiti, akasema, "Dada, tukitawanyika hapa, tumekwisha. Mmoja ataenda kuuza mkaa, mwingine atarudi kijijini. Hatutakusanyika tena."

Ikatokea kwamba mwezi ule ule akaja mzungu mmoja, mwanamke wa makamo, akiongea Kiswahili cha darasani, cha kila neno mahali pake. Alikuwa ametokea kusini, ambako babu yake alikuwa na shamba la mkonge. Alikwenda kuwatafuta wajukuu wa watu waliolikata, akaambiwa wengi wako Dar, wanachonga vinyago Goba. Baba yake Fundi Mkuu alikuwa mmoja wa wale wakataji, na baba yake Mwenyekiti pia. Fundi Mkuu hakujua la kumfanyia mgeni huyu, kwa hiyo akamleta kwa Mwenyekiti, na mimi nikaitwa kupitia ukutani.

Mgeni alipewa chai ile iliyokata tamaa. Akainywa yote. Akasema yeye na mumewe wamerithi nyumba ya babu huko Ulaya, iliyojengwa kwa pesa ya mkonge ule, wameiuza, na wanaona sehemu ya pesa ile si yao.

"Kwa hiyo mwanangu unataka kutusaidia," Mwenyekiti akasema, kwa ile sauti yake ya adabu anayoitumia kabla ya kung'ata.

"Hapana, mama. Nataka kurudisha."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Alimwangalia yule mwanamke kwa muda, na mimi niliyemzoea nikaona uso wake unabadilika.

"Kurudisha," akasema. "Haya. Hapo sasa ni shughuli, na shughuli ina kamati."

Ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Kurudishiwa. Wajumbe walikuwa wale wale wa harusi pamoja na wachongaji wote, uani kwake, viti vile vile vya plastiki. Na neno lake la kwanza lilitaka kuivunja kamati siku hiyo hiyo, maana alisema sisi ndio tutaanza kutoa.

Kelele zilizozuka! Mchongaji mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, samahani, sie tena tutoe? Si wao ndo wanarudisha? Baba zetu washatoa, walitoa mgongo!"

"Kaa chini nikwambie," akamjibu. "Mtu anakuja kukurudishia chako. Akukute umesimama mlangoni, umeoga, umevaa. Asikukute umelala chini mdomo wazi. Sie watu weusi tumezoeshwa kupokea tumeinamisha kichwa, hata kinachopokelewa kikiwa chetu. Hapa kwangu haitokei. Wenye shughuli wanaanza."

Tukaanza. Kila mtu alileta alichonacho. Mama wa genge alileta nazi na mchele, vijana wa bodaboda wakaahidi kubeba watu bure siku ya shughuli, mimi nikatoa friji moja nililolifufua, wachongaji wenyewe kila mmoja akatoa kinyago chake kizuri kuliko vyote kiuzwe. Haikutosha kununua hata kona ya kile kiwanja. Lakini nakumbuka wachongaji walivyotoka uani siku ile, wakiongea kwa sauti, wakipigana mabega. Walikuja wapangaji wanaosubiri kufukuzwa, wakatoka watu wenye jambo lao.

Halafu zikaja kadi. Duka tulilolizoea lilipelekewa maneno, na kwa kuwa tangu tuanze kupeleka kazi pale tulipeleka za harusi tu, walichapa kwa mchoro ule ule: njiwa wawili, pete, maua, na chini kabisa sehemu ya kuchagua "Single" au "Double", unakuja peke yako au na mwenzako. Hakuna mjumbe aliyeshtuka. Macho yetu yalizoea kuona njiwa kwenye kadi. Zikagawiwa mtaa mzima, na moja ikatumwa kwa picha Ulaya kwa yule mjukuu wa mwenye shamba.

Jibu lilikuja kesho yake, kwa Kiswahili kile kile kilichonyooka. Alishukuru kwa kadi nzuri. Alisema yeye na mume wake watakuwa double, na akauliza sare ni rangi gani.

Nilimsomea Mwenyekiti. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akajifuta macho na ncha ya mtandio, akaanza upya. Kuanzia siku hiyo tukawaita wale Double. Na baada ya kicheko akaniambia kitu ambacho sikukitarajia kwake. Aliniambia, "Huyu ameelewa kuliko wajumbe wangu. Ametumiwa kadi kama jirani, amejibu kama jirani."

Hapo nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe Double walikuwa na mshauri, kijana wa hapa hapa mjini, mtanashati, suti ya bluu, anayewafanyia mambo ya kisheria. Akaja uani na habari njema. Fedha za kiwanja zipo. Kuna mambo mawili madogo tu: hati itaandikwa jina la taasisi ambayo familia imeianzisha huko kwao, kwa usalama, na wachongaji watakitumia kiwanja bure, milele. Pia getini kutakuwa na kibao kidogo chenye jina la babu.

Watu walipiga makofi. Nisijifanye, na mimi nilipiga. Mvua zilikuwa zinakatika, na wiki ile gari moja jeusi lilikuja bondeni mara kwa mara, mtu akishuka na kupima kwa macho. Fundi Mkuu alikuwa ameshaanza kushukuru.

"Subiri, kaka," Mwenyekiti akasema. Akamgeukia mshauri. "Baba, hebu rudia. Kiwanja kitakuwa cha nani?"

"Chenu, mama. Mtakitumia bure."

"Kutumia nimesikia. Cha nani?"

"Kisheria ni cha taasisi. Ni utaratibu tu, mama yangu. Msije mkagombana mkauza, mkajikuta hamna kitu. Wenzenu wanawalinda."

Mwenyekiti hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Baba yangu," akasema, "aliishi kwenye ardhi ya mtu. Nyumba ya mtu, kisima cha mtu, hata kaburi lake liko kwenye mkonge wa mtu. Naye aliambiwa hivyo hivyo: kaa tu, tumia tu, tunakulinda. Leo nichukue watoto wa wenzake niwaweke tena kwenye ardhi ya mtu yule yule, halafu nipige makofi? Kama ni chao wanatupa msaada, waseme msaada, tutajua namna ya kuukataa au kuukubali. Walisema kurudisha. Ukirudisha kitu hubaki umekishika mkia."

Kijana akasema kwa upole kwamba masharti yakikataliwa hawezi kuahidi chochote.

Na sasa akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Alisimama. "Mie si mchongaji," akasema. "Nimesema yangu, nimemaliza. Kura hii si yangu, na Katibu si yako pia. Twende nje." Akatoka uani kwake mwenyewe, akakaa kwenye ngazi za mbele, mimi pembeni yake, mlango ukafungwa nyuma yetu. Tulisikia watu wakibishana kwa Kimakonde na Kiswahili kwa pamoja. Akajifunga kanga upya, akaifungua, akaifunga tena.

Fundi Mkuu ndiye aliyetoka kutuambia. "Tumekataa," akasema. Kisha akakaa chini hapo hapo kama mtu aliyebeba gunia kupanda mlima.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mshauri alikaa kimya, Double walikaa kimya, na lile gari jeusi likaja na watu wenye futi za kupimia. Waliopiga kura ya kukataa wakaanza kumlaumu aliyekaa nje. Mke wa mchongaji mmoja alipita mlangoni kwake bila salamu, jambo ambalo kwetu ni zaidi ya tusi. Nilimkuta asubuhi moja anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu jana.

"Katibu," akaniambia bila kuinua kichwa, "naogopa. Kama nimewakosesha pahala pao kwa mdomo wangu, sijui nitaishi vipi hapa, kila asubuhi nisisikie tezo."

Nikachukua sufuria nyingine nikaanza kusugua.

Simu ilipigwa Jumapili, katikati ya kikao cha harusi ya watu wengine kabisa. Ilikuwa namba ya Ulaya. Mwenyekiti akapokea, akasikiliza, akasema, "Subiri kidogo mwanangu, tuko kwenye vinywaji," akamaliza hesabu ya soda na maji, akaweka simu kwa sauti kubwa sote tusikie.

"Mama," yule mjukuu akasema, "tumechelewa kwa sababu tulibishana, mimi na mume wangu na ndugu zangu. Nilisema nitarudisha, halafu nikataka kubaki na ufunguo. Hati iandikwe kwa jina la ushirika wa wachongaji. Kibao hakuna. Naomba samahani."

Uani pakalipuka. Akina mama walipiga vigelegele, mtu akapindua meza ya soda, bwana harusi mtarajiwa, ambaye hakujua hata tunashangilia nini, akarukaruka na sisi. Mwenyekiti alisubiri mpaka aweze kusikika. "Samahani haipokelewi kwenye simu," akasema. "Njooni nayo. Sare ni zambarau."

Walikuja, Double kamili, wamevaa zambarau. Shughuli ilifanyika pale pale bondeni, katikati ya magogo ya mpingo. Ngoma za sindimba zilianza mchana, na jua lilipopungua vijana wakaweka singeli. Ulipofika wakati wa kutunza, kila mtu na zawadi yake, MC akapanga mstari mmoja tu, na Double wakapanga foleni kama kila mtu. Mbele yao alikuwa mama wa genge na ndoo mpya kichwani. Nyuma yao alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amekuja na wanawe wamebeba bati. Nyuma zaidi walikuwa Wamarekani weusi wachache waliohamia Bunju, waliosikia habari na kuja na boksi la patasi mpya.

Hati ilikuwa kwenye sinia, imefunikwa kanga. Yule mjukuu aliishika kwa mikono miwili akisogea na ngoma, mguu huu unakubali, ule unakataa.

"Taratibu, mama!" MC akapaza sauti. "Hati haina miguu, haikukimbii!"

Alipofika mbele, Fundi Mkuu alikuwa kwenye kigoda, na kwa mazoea ya maisha yake yote akainama kupokea. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake. Nilimsikia akimwambia kwa sauti ndogo, "Simama wima, kaka. Unapokea chako." Yule mzee akanyanyuka. Alinyooka mpaka nikashangaa alivyo mrefu, maana wote tulikuwa tumemzoea amekaa. Akapokea sinia akimtazama mgeni usoni, na mgeni akainamisha kichwa.

Nililia, sioni aibu. Mzee mmoja wa wale wa Bunju alilia kuliko mimi. Alipopewa kipaza sauti alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kule nilikozaliwa, sisi bado hatujarudishiwa kitu. Wanasema haiwezekani. Leo nimeona inawezekana." Akina mama wakamzunguka na kumfunga kanga, akacheza vibaya sana, na hakuna mtu aliyeshangiliwa kama yeye.

Wiki iliyofuata tulivunja kamati, kwa pilau, kama inavyotakiwa. Mwenyekiti alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo kiwanja kina wenyewe, hakihitaji mwenyekiti wa harusi. Maneno mazuri. Asubuhi yake alikuwa bondeni akiwaelekeza wachongaji pa kufagia. Aliwachagulia rangi ya geti. Aliwagombeza walipoweka magogo upande ambao yeye hakuupenda. Wakamvumilia, maana walijua wana deni gani kwake, na yeye, nadhani, alijua kwamba wanamvumilia.

Miaka imepita. Ushirika umekua, mafundi wapya wameingia, wakiwemo wanawake, jambo ambalo zamani halikuwepo. Vinyago vyao sasa vinaondoka na jina la aliyechonga, na bei anayeitaja ni mchongaji. Fundi Mkuu amepumzika, na anayeongoza ni binti wa mmoja wao, mkali, mwenye sauti ya kiongozi. Mwenyekiti amezeeka. Goti linamsumbua, kamati za harusi amewaachia wengine, ingawa bado wanampelekea rangi za sare azipitishe.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa mwaka huu, baada ya mvua. Nilikuwa natoka kazini na begi la vifaa begani. Nikamwona anapanda mlima kutoka bondeni peke yake, taratibu, mkono mmoja kiunoni, jasho linamtiririka. Nikashuka haraka kumpokea.

"Shikamoo Mwenyekiti. Kuna nini huko?"

"Marahaba. Nimetoka kwenye mkutano wao." Akapumua. "Nilikuwa na wazo langu. Ule upande wa barabarani, wajenge fremu za maduka. Wapangishe. Kila mwezi kodi inaingia, wao wamekaa tu. Nimewapelekea na mchoro, nimemlipa fundi kwa hela yangu mwenyewe. Unanijua mie na hela yangu."

"Wakasemaje?"

"Wakanipa nafasi nikaongea. Nimeongea vizuri, Katibu, ungekuwepo. Halafu yule binti akasema, 'Mama, tunakushukuru sana, lakini ule upande tunaanikia magogo. Tupige kura.' Nikanyanyua mkono. Akaniambia, 'Samahani mama yangu, wewe si mwanachama.' Mie! Wakapiga kura wao. Wamekataa wote. Hata mmoja hajanionea huruma."

Nilikuwa na hasira na yule binti, nikasema nitashuka nikaongee naye, haiwezekani, baada ya yote aliyowafanyia.

"Thubutu!" akaniambia, akanishika mkono kwa nguvu. Ndipo nikamtazama vizuri. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na uso wote ulikuwa unacheka.

"Katibu, husikii ninachokwambia? Baba yangu hakuwahi kumwambia mtu hapana kwenye lile shamba. Hata siku moja, mpaka anakufa. Leo hawa watoto wameniambia hapana, mie, hadharani, kwenye ardhi yao. Na sina cha kuwafanya!"

Akaniachia mkono, akaanza kupanda. Tulipofika kwa mama wa genge akasimama, akaegemea meza ya nyanya, akamwita kwa sauti ile iliyovunja wajomba wengi: "Mama wee, njoo usikie, wamenikatalia!" Akamsimulia yote, kuanzia mchoro mpaka kura. Akamsimulia fundi viatu, akamsimulia na mwalimu wa madrasa aliyekuwa anapita zake. Tulichelewa sana kufika nyumbani.